Maji ndani ya Mazda Roadster: namna ya kusaka yanakoingilia na kuyakomesha

Ukikanyaga zulia la Mazda Roadster likatoa maji, usikimbilie dukani kununua silikoni. Ndiyo dawa ya kwanza utakayoshauriwa karibu kila gereji, na kwa gari hili mara nyingi ndiyo inayozidisha balaa, kwa sababu huziba mahali ambapo maji yalitakiwa kutokea. Roadster haikuundwa kuzuia kila tone. Imeundwa kuyapokea maji yanayopenya kwenye turubai, yaani paa lake la kukunjwa, kuyakusanya na kuyashusha chini ya gari. Kwa hiyo kabla ya kusaka yanakoingilia, hakikisha yana pa kutokea.

Nimechagua Roadster, ile ambayo nje ya Japani inajulikana kama MX-5, kwa sababu ndilo gari la michezo la turubai ambalo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kulifikiria bila kuuza shamba. Lilizinduliwa Chicago mwezi Februari 1989, na huko Japani kizazi cha kwanza kiliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Wapenzi wake huvitaja vizazi kwa herufi: NA hadi 1997, NB 1998 hadi 2005, NC 2005 hadi 2015, na ND tangu 2015. Tanzania haizuii magari ya zamani, huyatoza tu ushuru wa ziada, ndiyo maana NA na NB bado zinashuka bandarini Dar es Salaam. Kenya ina ukomo wa miaka 8 kwa gari linaloingizwa nchini, hivyo NA na NB zilizopo Nairobi na Mombasa ni za siku nyingi. Kwa vyovyote, ni magari ambayo mipira yake imekauka kwa jua na matundu yake yamejaa majani ya nchi mbili.

Mengi ya nitakayoeleza yanafaa pia kwa magari mengine ya turubai. Porsche Boxster ya kwanza, kwa mfano, ina matundu ya maji ya aina hiyo hiyo, na yakiziba, maji hukusanyika chini ya kiti penye kisanduku cha umeme cha kuzuia wizi. Gari zima linagoma kuwaka kwa sababu ya majani makavu.

Jua kwanza ni maji gani

Chukua karatasi nyeupe ya chooni, ikandamize kwenye zulia mahali palipolowa, kisha iangalie na kuinusa.

Ikiwa maji hayana rangi wala harufu, ni ya mvua, ya kuoshea gari, au ya AC. Ikiwa yana utelezi, harufu tamu-tamu na rangi ya kijani au waridi, hiyo ni kulenti (maji ya kupoozea injini) inayovuja kutoka kwenye hita, na vioo vitakuwa vinapiga ukungu wa mafuta usiofutika vizuri. Hapo kazi yako ni ya mfumo wa kupooza injini, na usiendelee kuliendesha gari hadi ujue kiwango cha kulenti kwenye rejeta. Ikiwa ni kimiminika chenye mafuta upande wa dereva, karibu na pedali, kagua silinda kuu ya klachi. Kimiminika hicho hubambua rangi hadi bati.

AC huwadanganya watu wengi wa pwani. Hewa ya Dar, Tanga au Mombasa ina unyevu mwingi, na AC inapoipooza hutoa maji mengi ambayo hushuka kwa kibomba kidogo kinachotokeza chini ya gari, upande wa abiria, nyuma ya injini. Kibomba kikiziba, maji hurudi miguuni kwa abiria. Jaribio lake ni rahisi: siku isiyo na mvua, washa AC gari likiwa limesimama, subiri dakika 15, kisha chungulia chini. Kama pakavu kabisa wakati wewe mwenyewe unatoka jasho kwa unyevu, kibomba kimeziba. Kivute kidogo, kibinye-binye, kivuvie taratibu kutokea chini. Usichokonoe kwa waya mrefu, utatoboa usichokiona.

Halafu jiulize lini panalowa. Baada ya mvua gari likiwa limeegeshwa? Baada ya kuoshwa tu? Wakati wa kuendesha kwenye mvua? Gari linalolowa likiwa barabarani tu huenda linarushiwa maji na matairi kupitia kizibo cha mpira kilichotoka sakafuni. Linalolowa kwa kuoshwa tu huenda halina ugonjwa wowote zaidi ya kijana wa kuosha magari anayeelekeza bomba la presha moja kwa moja kwenye maungio ya turubai na kioo. Mwambie asimame mbali, au mwambie atumie ndoo.

Angalia pia gari linaegeshwaje. Likielekeza pua mteremkoni, maji yaliyoingilia nyuma ya kiti yatakutwa miguuni kwa abiria. Mahali panapolowa ni pale maji yalipochoka kutembea, na watu wengi hufunga kazi yao yote hapo.

Matundu mawili nyuma ya viti

Hapa ndipo utakapotumia muda wako vizuri kuliko popote. Nyuma ya turubai, pale linapoungana na bodi, kuna mfereji wa plastiki unaozunguka kwa ndani kutoka upande mmoja hadi mwingine. Maji yote yanayoteremka kwenye kioo cha nyuma na kupenya kwenye maungio huangukia humo. Mfereji huo humwaga kwenye matundu mawili, moja kila upande, yaliyo chini nyuma ya minara ya mikanda ya viti. Kutoka hapo bomba hushuka ndani ya bodi na, kwa NA na NB, hutokeza chini ya gari mbele kidogo ya gurudumu la nyuma.

Sasa fikiria gari lililoegeshwa chini ya mvinje ufukweni. Vijiti vyake ni vyembamba, vinapita kwenye kila upenyo, vikishaingia kwenye bomba vinasimama wima na kushikana. Jakaranda za Nairobi nazo zina vijani vidogo mno na maua yanayogeuka uji yakilowa. Changanya na vumbi jekundu na nyuzi za turubai lililochakaa, unapata kizibo ambacho hata maji ya moto hayakipiti.

Bomba likiziba, maji hupanda hadi ukingo wa tundu kisha humwagikia pembeni. Mengine huingia ndani ya kizingiti cha mlango, mengine hufuata sakafu nyuma ya kiti. Ukifunga breki ukasikia maji yanasukasuka karibu na nyonga yako, kizingiti kimejaa na huna haja ya ushahidi mwingine.

Fanya hivi. Egesha mahali tambarare. Fungua vibano vya turubai mbele, linyanyue hadi nusu, kwa NA fungua zipu ya kioo cha nyuma cha plastiki ukilaze taratibu ili kisipasuke. Sukuma zulia la nyuma ya viti pembeni. Mulika kwa tochi nyuma ya mnara wa mkanda, chini kabisa. Utaona tundu, au utaona udongo mahali lilipotakiwa kuwa.

Toa uchafu wa juu kwa vidole na kijiko. Usiusukume chini. Kisha chukua maji nusu lita kwenye chupa, mimina polepole kwenye tundu huku mwenzako amechuchumaa karibu na gurudumu la nyuma akiangalia. Tundu zima hutoa maji papo hapo, mkondo unaosikika ukigonga ardhi. Lililoziba nusu litadondosha matone meusi, na ukitazama juu utaona maji yamesimama yakizunguka bila haraka. Yakisimama hivyo, acha kumimina. Kila tone unaloongeza linakwenda kwenye kizingiti.

Kuzibua, tumia kitu chenye kunyumbulika: uzi mnene wa plastiki wa mashine ya kukatia nyasi unafaa sana, ukiuyeyusha ncha kwa kiberiti iwe duara isiyokwaruza. Uingize ukizungusha, vuta, futa, rudia. Kisha tumia maji ya uvuguvugu. Ukishindwa kutokea juu, jaribu kutokea chini. Kwenye baadhi ya magari ncha ya chini ina mdomo wa raba unaofunguka kwa uzito wa maji tu, na mara nyingi tope limegandia hapo hapo. Ubinye kwa vidole, utasikia linavunjika.

Hewa ya kompresa nakushauri uiache. Fundi ataitaka, kwa kuwa ni ya haraka na inatoa mlio mzuri. Lakini bomba lile limechomekwa ndani ya bodi, na presha kubwa inaweza kulichomoa usikoweza kufika. Kuanzia siku hiyo maji yote ya turubai yatakuwa yanamwagwa ndani ya bodi, na wewe utakuwa unaamini umezibua.

NC na ND zina kichujio kwenye tundu, kinachotolewa kwa mkono na kuoshwa. Kisafishe ukirudishe. Wapo wanaokitupa ili maji yapite haraka, kisha baada ya mwaka wanatafuta uzi wa kukatia nyasi kama sisi wengine.

Ukiwa hapo hapo, kagua mfereji wenyewe. Plastiki yake hukakamaa na kupasuka, hasa kwenye kona, hasa turubai lilipowahi kubadilishwa na mtu aliyekuwa na haraka. Umefungwa kwa vibao vyembamba vya chuma na nati za spana namba 10. Ncha zake mbili lazima zining'inie juu ya matundu, zikielekeza maji ndani. Nikikuta turubai jipya na gari linalovuja, hapo ndipo natazama kwanza: ncha imekunjwa ndani au imebanwa nyuma ya zulia. Kuirudisha ni kazi ya mkono mmoja.

Vua zulia

Ikiwa matundu yako wazi na bado panalowa, au ikiwa yalikuwa yameziba na sasa unataka kukausha, viti lazima vitoke. Zulia la juu likiwa kavu usiliamini. Chini yake kuna sponji nene inayonywa maji kama andazi kwenye chai, na inaweza kukaa na maji wiki nzima huku juu pakiwa pakavu.

Anza na betri. Kwa NA na NB betri iko kwenye buti, upande wa kulia. Chomoa waya wa hasi. Kwa magari yenye mifuko ya hewa kwenye viti, subiri dakika kadhaa baada ya kuchomoa betri kabla ya kugusa soketi za njano. Kila kiti kinashikiliwa na bolti nne, na kwa NA na NB ni za spana namba 14. Zikigoma, kutu imeshafika. Nyunyizia mafuta ya kulegeza, acha zilale usiku. Inamisha kiti, chomoa soketi za chini, kitoe kwa kukilaza ili reli zisikwangue kizingiti.

Sasa unaiona sakafu tupu, na sakafu inasema ukweli. Fuata alama: mchirizi wa vumbi, mstari wa kutu, chumvi nyeupe mahali maji yalipokauka. Piga picha kabla hujafuta. Kagua na soketi za umeme. Zenye unga wa kijani zisafishe kwa dawa ya kunyunyizia ya vifaa vya umeme, sio kwa dizeli.

Kumwagia maji kwa utaratibu

Hili watu hulifanya kinyume. Wanasimama na mpira wa maji, wanamwagia gari zima kuanzia juu, wanaona maji ndani, hawajui yametoka wapi. Anza chini, panda juu, sehemu moja kwa wakati.

Kausha sakafu. Tandaza karatasi za gazeti kwenye sakafu, kwenye buti, chini ya dashibodi. Gazeti huonyesha tone moja papo hapo. Mtu mmoja akae ndani na tochi, milango imefungwa. Wa nje asitumie ncha ya presha, aache maji yatiririke tu, mpira ukiwa umefunguliwa nusu. Aanze na sehemu ya chini ya mlango, dakika tatu au nne. Kisha ukingo wa chini wa kioo. Kisha kona ya kioo cha pembeni na nguzo ya kioo cha mbele. Kisha ukingo wa mbele wa turubai. Mwishoni, nyuma. Kila anapohama, aseme kwa sauti yuko wapi. Wa ndani akipiga kelele, simamisheni, kausheni, rudieni pale pale. Sehemu haijathibitika hadi ivuje mara mbili.

Ukiwa peke yako, tumia selotepu ya karatasi. Ziba maungio yote unayoyashuku, mwagia maji, kama pakavu anza kubandua kipande kimoja kimoja. Au pakaza poda ya mtoto kwenye mipira, funga mlango, mwagia, fungua: maji yamechora njia yake kwenye poda.

Kuna ujanja mwingine usiohitaji mtu wa ndani. Funga vioo na milango, weka feni ya dashibodi mwendo wa juu kabisa ikivuta hewa ya nje, kisha paka maji ya sabuni kwenye maungio kutokea nje. Hewa inayotafuta pa kutokea itapuliza mapovu. Kwenye kioo cha mbele na taa hufanya kazi vizuri. Kwenye turubai lenyewe utaona mapovu mengi mno hadi ukate tamaa, kwa hiyo huko usiutumie.

Nailoni ndani ya mlango

Huu ndio uvujaji unaolaumiwa vibaya kuliko wote. Maji yanayoteremka kwenye kioo cha mlango huingia ndani ya mlango, na ndivyo inavyotakiwa. Hushuka ndani na kutokea kwa vitundu vilivyo ukingoni chini. Kati ya maji hayo na wewe kuna karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwenye bati la mlango, nyuma ya kava. Aliyewahi kubadilisha spika au kutengeneza mota ya kioo aliibandua, akairudisha nusu, au akaitupa. Tangu hapo maji hufuata spika, hushuka nyuma ya kava, huvuka kizingiti na kulowesha zulia. Mwenye gari ananunua mipira mipya ya mlango, na panaendelea kulowa.

Vua kava: ondoa skrubu za mpini na za kishikio, chomoa vibanio vya pembeni kwa kifaa cha plastiki au bisibisi bapa iliyovishwa kitambaa, kisha nyanyua kava juu ili litoke ukingoni mwa kioo. Usilivute kama unafungua soda. Nyaya bado zimeunganishwa.

Angalia gundi nyeusi inayoshika nailoni. Bado inanata? Ipashe moto kidogo kwa kikaushio cha nywele, ikandamize kwa kidole mzunguko mzima. Imekauka na vumbi? Ikwangue yote, safisha bati kwa spiriti, weka utepe mpya wa butili, ule mweusi wa mviringo unaonata kama lami. Hauganduki kwa joto la Morogoro wala haukauki. Nailoni iliyochanika badilisha: ya ujenzi iliyo nene, uikate kwa kufuata ile ya zamani, inafaa kabisa. Jambo moja la kushika: ukingo wa chini wa nailoni lazima uingie ndani ya mlango, kupitia upenyo ulioachwa kwa kazi hiyo, ili maji yanayoteremka juu yake yarudi mlangoni. Ukibandika kwa nje umetengeneza mteremko wa kuingizia maji kwenye zulia.

Kabla ya kufunga, zibua vitundu vya chini kwa kijiti cha kiberiti na umwagie kikombe cha maji ndani ya mlango. Yatoke yote, chini, mbele ya macho yako.

Mipira ya turubai na vioo

Tone linaloangukia goti la dereva wakati wa mvua hutoka kwenye kona, pale mpira wa mbele wa turubai unapokutana na wa nguzo na kioo cha mlango. Ni maungio ya vipande vitatu na hayajawahi kuwa kamili hata kiwandani.

Pima kwa noti. Weka noti kati ya kioo na mpira, funga, vuta. Ikitoka bila upinzani, hapo hapabani. Zunguka kioo kizima na utie alama kwa chaki.

Mpira uliolala lakini haujapasuka unaweza kufufuka. Uoshe kwa maji ya sabuni, ukaushe, upake grisi ya silikoni nyembamba, uache usiku kucha gari likiwa wazi ili usibanwe. Vaselini na oili ya injini zisiguse mipira hii: huivimbisha, hung'aa wiki moja, kisha hulainika na kuchanika.

Kama mpira ni mzima lakini haubani, tatizo ni marekebisho. Ndoano za vibano vya turubai vya NA na NB zinaweza kukazwa ili lishuke zaidi juu ya fremu ya kioo cha mbele. Kaza pande zote mbili sawa, nusu mzunguko, jaribu. Ukilazimika kutumia nguvu za mikono miwili kufunga, umezidisha. Kioo cha mlango nacho kina bolti za kukisogeza ndani au nje, na vizuizi vya kimo chake. Tia alama ya penseli mahali zilipo kabla ya kulegeza chochote. Hii ni kazi ya subira. Fundi mwenye foleni usimpe.

Mpira uliopasuka nunua mpya, au uliotumika kutoka kwenye gari lililovunjwa ukiwa umeuona kwa macho. Kuujaza silikoni kunaufanya ugumu, na kipande cha jirani kinaanza kuvuja.

Neno kuhusu silikoni hizo za ujenzi: zile zinazonuka siki zinapokauka hutoa asidi, na asidi juu ya bati ni kutu. Kwa maungio ya bati tumia siila (gundi ya kuzibia) ya bodi ya polyurethane. Kwa kinachofunguliwa tena siku moja, kama taa, tumia butili.

Buti

Ukiona maji kwenye buti la NA au NB usichelewe, betri iko humo na kutu ya sakafu yake huanzia kona ile. Wahusika ni wachache: gasketi za taa za nyuma, gasketi ya taa ya tatu ya breki, kitako cha antena, na mpira wa buti lenyewe. Mtu mwembamba anaweza kujifungia ndani na tochi huku mwenzake anamwagia. Asiyeweza atandaze gazeti. Taa hutolewa kwa nati za ndani. Kwangua gasketi iliyooza, zungusha butili, kaza nati kidogo kidogo kwa msalaba, maana plastiki ya taa hupasuka na bei yake si rafiki.

Mbele

Chini ya wipa kuna mtaro unaopokea maji ya kioo cha mbele, na kando yake ndiko feni ya dashibodi inakovutia hewa. Mtaro ukijaa majani, maji hupanda hadi kwenye uvutaji hewa na kushukia miguuni kwa abiria. Toa wipa na kava la plastiki, zoa majani, mwagia maji uone yanashuka pande zote mbili.

Kioo cha mbele kilichowahi kubadilishwa ni mtuhumiwa halali. Kama sabuni inatoa mapovu ukingoni, kinatakiwa kutolewa na kugandishwa upya kwa gundi ya vioo ya polyurethane. Kupaka juu kwa juu kunanunua miezi michache tu. Mwisho, tazama vizibo vya mpira vinavyopitisha nyaya kutoka kwenye injini. Aliyefunga alamu au redio mara nyingi ametoboa kimoja na kukiacha wazi.

Kukausha

Zulia na sponji yake vioshe kwa maji ya sabuni isiyo kali, kamua kwa kukanyaga, anika juani sponji ikitazama juu. Siku mbili za jua kali, au zaidi kama ni msimu wa mawingu. Kuvu na harufu vinatulizwa kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Nyunyizia, acha dakika 20, suuza. Sponji iliyoanza kumeguka tupa, weka mpya. Acha gari bila zulia kwa mvua moja nzima kabla ya kurudisha chochote. Wengi hawana uvumilivu huo, na ndio wanaovua viti mara mbili.

Kutu kwenye vizingiti

Kipande cha kizingiti kilicho mbele ya gurudumu la nyuma ndicho huoza kwanza, kutokea ndani. Gonga kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia kwa sauti kali, lililooza hulia butu. Chini ya kizingiti kuna vitundu vya maji, vizibue. Bati likiwa zima, nyunyizia ndani nta ya kuzuia kutu kwa bomba refu jembamba. Likitoboka, fundi bodi akate aweke bati jipya, pande zote za ndani na nje. Fila juu ya tundu itapendeza hadi mvua za vuli. Tenki la mafuta liko nyuma ya viti, kwa hiyo asichomelee bila kuchomoa betri, kuondoa mazulia na kuwa na mtungi wa kuzimia moto mkononi.

Ukienda kulikagua gari kabla ya kulinunua

Beba chupa ya maji na tochi. Mimina kwenye matundu mawili mbele ya muuzaji, akikataa, umeshajibiwa. Inua zulia la buti chini ya betri. Ingiza kidole chini ya zulia la mbele hadi kwenye sponji. Angalia kama vichwa vya bolti za viti vina kutu wakati dashibodi inang'aa. Kisha vuta mkanda wa kiti hadi mwisho kabisa, sehemu isiyotoka siku za kawaida: mstari wa tope huko ndani una maana gari lilizama kwenye mafuriko, na hakuna tundu la kuzibua litakalolisaidia.